Mikuyu ya Babu Mdogo

Kijijini kwetu, karibu na Ekerenyo, nyanya yangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kupanda miti ya kienyeji. Wengine walipanda mikaratusi, kwa sababu inakua haraka na kiwanda cha chai kinanunua kuni. Mkaratusi pia unakunywa maji sana. Chemchemi yetu ilibaki kama mkojo wa mbuzi. Aliyechelewa kuteka alirudi nyumbani na tope.

Chemchemi iko kwenye shamba la ndugu wa babu, ambaye tunamwita Babu Mdogo. Alipokata mikaratusi yake, Nyanya alitaka kupanda mikuyu hapo, miti inayotunza maji, kabla visiki havijachipuka. Hakuomba ruhusa. Alipanda Ijumaa jioni, kabla Sabato haijaingia.

Kwetu, anayepanda mti anasema ardhi ni yake, kwa hiyo mwanamke hapandi. Babu Mdogo aliiona miche kesho yake akienda kanisani, lakini hangeweza kung'oa kitu siku ya Sabato. Aliipita akaenda kuimba. Jumapili asubuhi alikuja kwetu na miche yote, ameifunga vizuri kwa kamba ya mgomba.

"Shemeji, umesahau vitu vyako kwangu."

"Asante, shemeji. Keti unywe chai."

Alikunywa.

Ijumaa iliyofuata Nyanya alipanda tena. Jumapili miche ikarudishwa. Sasa mizizi ilikuwa imechoka. Nyanya alisema hana miche mingine, na chemchemi haitavuka kiangazi kingine.

Akaenda kwa Babu Mdogo. Mimi nilibeba miche.

"Shemeji, mimi ni mwanamke, siwezi kupanda mti. Nipandie."

"Wapi?"

"Kwako, pale kwenye chemchemi."

"Itakuwa ya nani?"

"Ya aliyepanda."

Babu Mdogo alifikiria. Kisha akachukua jembe.

Tangu siku hiyo hakuna mbuzi anayekaribia. Alizungushia miche miiba, na Nyanya mwenyewe alikatazwa kuishikashika. Baadaye Nyanya alienda hivyo hivyo kwa wenye chemchemi nyingine, mmoja mmoja.

Siku hizi wageni wakija kuona mikuyu, Babu Mdogo huvaa koti la kanisani na kueleza jinsi alivyoona mbali. Juzi alimgeukia Nyanya, aliyekuwa akiteka maji, mbele yao.

"Shemeji, unaionaje miti yangu?"

"Ni mizuri, shemeji. Sogea kidogo, mtungi umejaa."