Vitundu Vyangu Vitatu

Siku yangu ya kwanza mu atelie ya vyuma, shefu hakunipa nyundo. Alinipa pwento, kile chuma chenye ncha kali, akasema: "Chagua alama yako. Hapa kila lame iko na baba yake. Ikivunjika, tunajua wa kuita."

Nilichagua vitundu vitatu. Ngabu, mwenye tuliingia naye kazi siku ile ile, alichagua kimoja. Muvivu tangu zamani, yule.

Siye tulitengeneza lame za resori, vile vyuma virefu vya chini vyenye kubeba kamio, ndiyo malori, hapa hapa Bunia, miaka ya sabini. Unapasha chuma mupaka inakuwa nyekundu, unaikunja kufuata gabari, ndiyo kipimo chetu, kisha unaizamisha mu mafuta ili ikomae. Ukikawia kidogo, imeharibika. Gabari ya kamio za kahawa niliitengeneza mimi, kwa mikono hii, nikaipiga vitundu vyangu. Kamio zilishuka Boga na mizigo, zikarudi nzima.

Kisha, miaka ya makumi nane, direktere akatukusanya. "Basitwaye, wananchi wenzangu, sasa lame zitatoka inchi za inje. Kule ni bei ya chini. Mutu moja ataenda kuwaonyesha kazi. Wengine, murudi nyumbani."

Mutu moja! Nilijua ni mimi. Akamuita Ngabu, sababu ya Kifaransa chake.

Sitawadanganya, watoto: roho iliniuma mupaka chakula kikanishinda. Ngabu akakuja na valizi mupya ya safari. "Yaya, kaka yangu, shefu anasema unipatie gabari."

"Beba. Tutaona kama Kifaransa kinakunja chuma."

Bibi yangu, mama ya watoto wangu, alisikia. "Wivu haujazi sufuria, baba," akasema.

Basi nikaanza kutengeneza kamio za watu kando ya barabara ya Irumu. Siku moja shofere akaniletea lame mupya nimufungie. "Ya inje hii, muzee. Siyo kama zile zenu."

Nikaigeuza. Vitundu vitatu, pale pale nilikuwa napiga vyangu! Walifuata gabari yote, wakafikiri alama nayo ni sehemu ya lame.

"Hii alama ni yangu," nikamuambia.

Akacheka, akashika tumbo. "Aa, muzee! Weye hata Kampala haujafika!"

Ngabu alishakufa, na wivu wangu juu yake niliuzika pamoja naye. Nyundo nayo nimeweka chini, mikono imechoka. Lakini wale wa kule, wenye sijaona sura zao, niko nawaonea wivu mupaka leo. Wanapiga vitundu vyangu na hawajui kama ni jina la mutu. Na lame ikivunjika, hakuna mwenye ananiita.