Kamba za Dobi Mbele ya Jumba la Sanaa

Mtaa mzima ulimwita Mama Kamba, maana kamba zake za kuanikia zilivuka uchochoro kutoka dirisha hadi dirisha. Alikuwa dobi. Yeye alifua, mumewe alipiga pasi, na kati yao hapakuwa na siri ya jirani wasiyoijua. "Kikulacho ki nguoni mwako," mumewe alipenda kusema akinyoosha kola za watu, "na sisi tumekiona."

Jumba la sanaa lilipojengwa ng'ambo ya barabara, Mama Kamba alifurahi kama aliyejengewa yeye. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na wageni walikuja kweli. Mwaka wa kwanza walitoka jumbani wakavuka, wakapotea vichochoroni, wakanywa chai kwa jirani yake, wakapigana picha chini ya shuka zake. Picha moja ikatiwa kwenye kijitabu wanachogawiwa wageni. Nyumba za wageni zikamletea kazi hadi akashindwa kulala mchana.

Kisha jumba likafungua mgahawa ghorofa ya tatu, ukuta wake mzima kioo. Wiki ya pili akaja ofisa wao, kijana mwenye adabu zake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, ila utakaa juu ya furushi."

Akakaa. "Mama, wageni wetu wakiwa mezani wanaona nguo za ndani za watu."

"Za nani? Nitajie rangi, nikutajie mwenyewe."

Kijana alicheka, akainamisha macho, akamkabidhi barua yenye muhuri wa manispaa. Kamba zote zilitakiwa zishuke kabla ya Jumatatu.

Alienda manispaa mara tatu. Mara ya tatu hata kiti hakupewa. Basi akapiga moyo konde, akaanika ndani. Chumba kikageuka kisima. Nguo zikakauka kwa siku nne na kurudi kwa wenyewe zikinuka ukungu. Wenye nyumba za wageni wakamuaga mmoja mmoja, bila ugomvi. Mumewe, aliyekuwa na pumu tangu utotoni, akaanza kulala ameketi.

Nje nako kulikuwa kumenyamaza. Mabasi ya wageni sasa yaliwashusha mlangoni pa jumba na kuwapakia papo hapo. Muuza chai alikunja virago.

Siku moja kundi dogo lilivuka. Mwongozaji wao alimkuta Mama Kamba kizingitini.

"Mama, samahani. Wanauliza mtaa wa kamba uko wapi."

"Ndio huu."

Mwongozaji akatafsiri. Bibi mmoja mgeni alitazama kijitabu, akatazama kuta tupu, akatazama tena kijitabu.

"Anasema haufanani."

"Mwambie hajakosea. Haufanani."

Wakapiga picha ya jumba, wakarudi kwenye basi.

Msimu wa mvua mumewe alilazwa siku tisa. Daktari alisema asirudi kwenye unyevu ule, na wifi yake Mama Kamba akamchukua kwake, safari ya siku nzima. Mama Kamba alibaki amfuate baadaye, akishapata chochote cha kushika. Alichopata ni kazi kwenye chumba cha mashine chini ya jumba, akifua vitambaa vya meza vya mgahawa. Hakina dirisha. Nguo hutoka mashineni zimekauka tayari, na vidole vyake havijui vifanye nini.

Mumewe humpigia simu Jumapili. Kifua kinamwachia maneno machache tu.

"Utakuja lini, mke wangu?"

"Mwezi ujao, mzee wangu, nikipewa ruhusa."

Mwezi uliopita alijibu vivyo hivyo, na mumewe aliitikia vilevile: "Haya."