Chifu Anataka Nimwite Mume Wangu Aje Amzike Mamake

Admin, nifichie jina, hapa kwetu watu wanajuana. Nina miaka thelathini na mbili. Nimezaliwa upande wa Asumbi, nimeolewa Migori, na nina watoto watatu. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, na nawaambia ukweli, alikuwa anaogopa hata kuku mwenye vifaranga.

Kilichomharibu ni kifo cha mdogo wake, aliyepigwa risasi kwenye maandamano. Tulizunguka ofisi zote na hakuna aliyetujibu. Akaanza kuitukana serikali, na hapo sikumlaumu, hata mimi niliitukana. Kisha akapata wenzake wanaokutana shambani karibu na mpaka. Huko walimfundisha kwamba serikali ni ya shetani na kila anayeitii amejiuza. Akakata kitambulisho chake kwa grinda, ile mashine yake ya kukatia vyuma, mbele ya watoto, na shule akawakataza. Nikiuliza, ananiambia, "Wewe pia wamekununua."

Halafu kikundi chao kikawavamia wahudumu wa chanjo. Nesi mmoja alipoteza jicho. Mume wangu alikuwepo, aliniambia mwenyewe huku akilia, kisha akatoroka. Yule nesi tunasali naye kanisa moja. Sabato iliyopita alinipa mkono na kuniuliza watoto wako aje. Nilitamani ardhi inimeze.

Sasa mama mkwe amefariki. Alinipenda kuliko wanawe, Mungu amrehemu. Kwetu, mtoto wa kiume aliyebaki ndiye anayetupa udongo wa kwanza kaburini, na wazee wameniambia wazi kwamba kumzika bila yeye ni kumtupa mama.

Chifu alikuja kutupa pole, akaniita kando. "Mama, mpigie aje azike. Hakuna mtu atamguza."

Nikamwambia, "Apa basi."

Akaanza kupangusa kofia yake. Nikajua. Siku ya mazishi kutakuwa na waombolezaji nisiowajua, na pingu mfukoni.

Jana mume wangu akapiga kwa namba ngeni. Sauti ilikuwa imemkauka. Aliniita kama anavyoniita siku zote, binti wa Asumbi: "Nyar Asumbi, mama anazikwa lini?"

"Alhamisi."

Nikasikia anavuta kamasi. "Wewe hujawahi kunidanganya. Nikija, nitarudi?"

Nikasema simsikii, netiweki ni mbaya, nikakata. Nilikuwa namsikia vizuri sana.

Amesema kwa ujumbe kwamba atapiga tena leo jioni. Nikimwambia ukweli, mama atazikwa kama asiye na mtoto, baba watoto atarudi kwa wale watu, na kesho watamuumiza mwingine. Nikimdanganya, atakamatwa juu ya kaburi la mamake, na mimi ndiye nitakuwa nimemwita. Nampenda jamani, bado nampenda. Hata nesi namwonea uchungu. Kama mnataka kunitukana, nitukaneni baadaye. Kwanza niambieni, simu ikilia, nimjibu nini?