Baba mdogo aligoma kutobolewa mgongo, mpaka mzee wa Kanazi alipomchokoza

Wakuu, wakubwa shikamooni, na wenzangu wa bando la kuungaunga mambo vipi.

Hii si chai, ni kisa cha kweli. Mhusika mwenyewe kaniruhusu, kwa sharti kwamba nimwandike vizuri. Nitajaribu.

Niko kidato cha tano, likizo nipo kwa bibi huku Izigo, Muleba. Hapa nyumbani yupo baba mdogo Deo, mkulima wa kahawa. Huyu mtu ana maringo, jamani. Shingo juu muda wote, kama anasubiri kupigwa picha ya kitambulisho.

Sasa Jumapili moja kanisani, mchungaji akasema tuinamishe vichwa tuombe. Wote tukainama. Baba mdogo kabaki wima. Bibi akamfinya, wapi.

Tulipotoka nje bibi akawaka, "Hata mbele za Mungu, Deo?"

"Mama, shingo imegoma. Na hili jua linaniumiza macho."

Kumbe tangu jana yake ana homa, kichwa kinagonga, na amenyamaza. Mimi nilidhani ni maringo ya kawaida.

Zahanati wakapima malaria, hana. Nesi akamwambia agusishe kidevu kifuani, akashindwa. Rufaa ya haraka, Bukoba mjini.

Daktari alikuwa dada mmoja mpole. Akasema inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Kuna ya bakteria, hiyo inaua haraka. Kuna ya virusi, ambayo watu wazima wengi huipona bila dawa maalumu. Kwa kumwangalia tu huwezi kuzitofautisha. Akamwanzishia antibiotic ya mshipa palepale, halafu akataka kumchoma sindano kiunoni avute maji ya mgongo, yakapimwe.

Baba mdogo akagoma.

Wakuu mnajua huku kwetu. Kila mtu ana jirani wa shemeji yake aliyetolewa maji ya mgongo asitembee tena. Daktari akaeleza taratibu kwamba sindano inapita chini ya pale mshipa mkuu wa fahamu wa mgongoni unapoishia, haiugusi. Jamaa akageukia ukutani. Bibi akaanza kulia bila sauti, na hapo hata mimi utani uliniisha. Bila kile kipimo tungekuwa tunabahatisha uhai wake.

Kwenye kitanda cha jirani alilala mzee mmoja.

"Kijana, wewe wa wapi?"

"Muleba," baba mdogo akajibu.

"Ahaa. Basi usijisumbue. Mimi nilichomwa hiyo hiyo nikatulia tuli. Ila mimi ni wa Kanazi, si wa Muleba."



Baba mdogo akageuka polepole. "Daktari, lete sindano yako. Na huyu mzee asifumbe macho."

Akalazwa ubavu, akakunjwa kama mtoto, akachomwa, hakutoa hata mguno. Sindano ilipotoka akauliza, "Hii nayo mnaiita sindano?" Mzee wa Kanazi alicheka mpaka akakohoa.

Majibu yalipokamilika, hakuna bakteria. Ni virusi. Antibiotic zikasimamishwa, akabaki na dawa za maumivu na homa, maji mengi, mapumziko, na kitanda mbali na dirisha.

Bibi akagoma sasa yeye. "Yaani nimetoka Izigo mpaka huku mwanangu apewe maji na usingizi?"

"Ndiyo bibi," daktari akasema. "Na uji."

Tumerudi nyumbani. Bado anachoka haraka, kichwa bado humuuma kidogo, lakini daktari alisema itaisha taratibu.

Nilichojifunza: homa, kichwa kuuma sana, shingo kukaza, mwanga kuumiza macho, usikae nyumbani kujiamulia kwamba ni malaria au virusi. Kimbia hospitali. Na maji ya mgongo yakihitajika, uliza maswali yako yote, kisha mwache daktari afanye kazi.

Wageni wanakuja kutoa pole huku wanachungulia miguu yake. Kila mmoja baba mdogo anamsindikiza mwenyewe mpaka barabarani, kwa makusudi kabisa.

Na nyie mwageni hapa: nani ana mgonjwa aliyegoma matibabu, na mlimshawishije? Comments zote nitamsomea, kwa hiyo msifieni kidogo.