Sukari ya Wageni wa Jumatano

Mama alipopatikana na kisukari, mwanzoni mwa miaka ya tisini, daktari wa hospitali ya misheni alimpa vidonge na onyo: kidonda kwenye kidole gumba cha mguu kisipofunga, kidole kitakatwa. Mama alimsikiliza kwa adabu. Tulipofika nyumbani alimeza vidonge, akachukua panga, akaenda nyuma ya zizi kubandua gome la tebeswet, mti ambao mama yake naye aliutegemea. Alilichemsha mpaka maji yakawa ya kahawia, machungu kama nyongo, na kila asubuhi akanywa kikombe bila kukunja uso.

Mimi nilikuwa msaidizi wa maabara katika shule ya sekondari, na kubahatisha sikupendi. Nilimwomba mwalimu wa kemia chupa ya ile dawa ya buluu ambayo ukiichemsha na kitu chenye sukari hugeuka kijani, na sukari ikizidi huwa nyekundu kama tofali. Nilipomwambia Mama nitapima mkojo wake kila asubuhi, aliniuliza kama hiyo ndiyo kazi aliyonisomeshea kwa majani ya chai yote yale aliyochuma. Lakini alikubali.

Wiki tatu niliandika rangi kwenye daftari. Siku nyingi ilikuwa kijani. Kila Alhamisi, tofali. Niliushuku mti, nikaishuku dawa ya shule, nikaushuku hata mkono wangu. Wiki ya nne niliomba ruhusa kazini, nikashinda nyumbani Jumatano nzima.

Saa tisa akina mama wa kanisa walikuja kumwombea, kama kila Jumatano. Kwetu huendi kumwona mgonjwa mikono mitupu, basi kila mmoja alibeba pakiti ya sukari. Waliomba ugonjwa wa sukari umtoke, wakasema amina, kisha Mama akawapikia chai ya maziwa kwa sukari yao hiyo hiyo, akanywa nao vikombe vitatu. Walipoondoka aligugumia vikombe viwili vya tebeswet, kama mtu anayelipa faini.

Nilikasirika. Nilimuuliza kama yuko tayari kukatwa kidole kwa ajili ya heshima. Alinijibu kwamba mwenye nyumba asipokunywa chai yake mwenyewe, wageni watajiuliza ametia nini ndani.

Jumatano iliyofuata alipika chai, akawamiminia, akawa wa kwanza kunywa. Mmoja wao, bibi aliyezoea vijiko vinne, aliuliza kwa upole kama sukari imesahaulika.

“Haijasahaulika,” Mama alisema. “Mmeomba nipone. Sasa nisaidieni kupona.”

Walinywa. Nyuso zilikunjamana, lakini hakuna aliyebakiza. Tangu siku hiyo walileta mayai.

Kama kilichomsaidia kilikuwa gome, vidonge au chai isiyo na sukari, sikujua kamwe, maana Mama alikataa kuacha hata kimoja ili mimi nipate jibu. Kidonda kilifunga baada ya miezi. Tulimzika miaka mingi baadaye, akiwa na vidole vyake vyote kumi vya miguu.