Maziwa ya Ada ya Wifi Yangu

Siku ndugu wa mume wangu walipokaa kupanga namna ya kumlipia wifi yangu chuo, mimi ndiye niliyewachemshia chai. Ilikuwa Jumapili alasiri baada ya ibada, nyumbani kwa mama mkwe wangu, Mwika, miaka michache baada ya uhuru. Alikuwapo mama mkwe, alikuwapo mume wangu ambaye ndiye mtoto wa kwanza, na shemeji yangu aliyekuwa fundi Arusha. Wifi mwenyewe alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, magoti ameyabana kama mtu anayesubiri kudungwa sindano. Baba mkwe alikuwa amekwisha kufariki.

Wifi alikuwa amemaliza darasa la kumi. Mjini Moshi kulikuwa na chuo cha uhazili, cha kulipia, miaka miwili, wasichana wanalala hukohuko. Yeye alitaka hicho na si kingine.

"Kahawa italipa muhula wa kwanza," mume wangu alisema. "Malipo ya pili ya ushirika yakija tutamnunulia godoro na viatu."

Shemeji akasema wa pili ni wake. Mama mkwe akatoa beberu wake. Kisha kila mtu akatazama kikombe chake.

"Na mihula inayobaki?" mama mkwe aliuliza.

Mume wangu akajibu bila hata kugeuza kichwa upande wangu: "Si kuna maziwa?"

Maziwa yalikuwa yangu. Kwetu milimani jambo hilo halikuhitaji kuandikwa popote: kahawa ni ya baba, ndizi na maziwa ni ya mama. Ng'ombe alifungwa ndani ya banda mwaka mzima, na chakula chake nilikifuata kwa miguu huko chini tambarare, nikapanda nacho kichwani hadi shingo ikafa ganzi. Senti za maziwa ndizo zilizoninunulia chumvi, mafuta ya taa na kanga. Hakuna mwanamume aliyewahi kuniuliza zimekwenda wapi.

"Wifi amekubali?" yule msichana aliuliza. Ni yeye peke yake aliyekumbuka kuuliza.

Wote wakanitazama. Nimeshika birika, mvuke unanipanda usoni. Mke wa watu angesema nini?

"Nimekubali," nikasema, nikamimina chai.

Watu wanaweza kudhani ni fedha zilizoniuma. Hazikuniuma sana. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la nane na kufaulu. Mimi na kaka yangu tulifanya mtihani mwaka mmoja, nikampita mbali. Baba alituita wote wawili kwenye kihamba, shamba letu la urithi, tukasimama katikati ya mibuni, akasema, "Kahawa ya mwaka huu inatosha mtu mmoja." Halafu akamwambia kaka aende akapimwe sare. Hakunikaripia, hakunieleza. Kaka alirudi baada ya mwaka mmoja na nusu, amefukuzwa kwa utoro, na wakati huo mimi nilikwisha kuolewa. Kwa hiyo nilipomwona wifi amekaa kwenye kigoda, watu wazima watatu wakijikamua kwa ajili yake, nilimwonea wivu. Alinizidi madarasa mawili tu.

Baada ya kikao kile aliazima kitabu cha kujifunzia kupiga taipu. Mashine hakuwa nayo, kwa hiyo alijizoeza juu ya meza. Mimi namenya ndizi, utomvu umenigandia viganjani, na yeye vidole vyake vinagonga ubao, ta-ta-ta, macho yamefumbwa. Nilivichukia vile vidole. Nilimtuma maji wakati mtungi umejaa nusu, ili anyamaze tu.

Barua ya chuo ilifika Jumapili moja ya mwezi wa nane. Barua zetu zilipitia sanduku la shule ya msingi, na mwalimu mkuu alizigawa nje ya kanisa. Wifi alikuwa amebaki nyumbani na mama mkwe aliyekuwa anaumwa. Mwalimu akanikabidhi mimi.

"Mpelekee wifi yako haraka," alisema. "Nadhani ni ya chuo."

Nilifika nyumbani nikaingia jikoni kwangu, nikaifungua kwa mvuke wa sufuria. Nafasi ipo, barua ilisema. Afike Ijumaa pamoja na ada ya muhula wa kwanza. Asiyefika, nafasi yake atapewa mwingine.

Nikaigandisha tena kwa ugali kidogo, nikaifukia ndani ya debe la pumba za kuku.

Jumatatu tulishuka pamoja kukata majani. Nilikuwa na mimba ya miezi saba. Wifi alipunguza mzigo wangu akaongeza wake, na tulipokuwa tukipanda kilima akaniuliza, akihema, "Wifi, barua haijafika tu?"

"Barua za mjini hukawia," nikamjibu.

Ningependa kuandika kwamba ule mzigo alionipunguzia ulinilainisha moyo. Haukunilainisha. Nilijisemea moyoni, hata wema wake ni wa mtu aliyeshiba. Jumanne ikapita, Jumatano, Alhamisi. Ijumaa nilishinda nimeinama kwenye migomba, nikitoa magamba makavu ambayo yangeweza kungoja mwezi mzima, na kila basi lililopita barabarani likishuka mjini nililisikiliza hadi mlio ukaisha.

Jumamosi nilimpa. "Imekuja leo," nikamwambia.

Aliisoma amesimama. Akaisoma tena. Kisha akakaa palepale chini kwenye udongo, kati ya mibuni, na gauni lake safi.

Mume wangu alimpeleka mjini Jumatatu, wakaenda na fedha zote, wakidhani watasikilizwa. Walirudi jioni na fedha zilezile. Nafasi alikwisha kupewa mwingine. Warudi Januari.

Nami nilifurahi. Ningekuwa mwongo nikisema kwamba nilijuta siku ile. Nilipika ndizi za machalari, nikaweka nyama yote iliyokuwapo, mume wangu akasifu chakula. Wifi hakula.

Nilijifungua mwezi wa kumi, mtoto wa kike, na uchungu wake ulinivunja. Wiki nne sikuweza kutembea hadi mtoni. Wifi ndiye aliyeshuka tambarare peke yake. Ndiye aliyekamua, ndiye aliyepeleka maziwa kwa walimu na kwa mchungaji, na kila mwisho wa wiki aliniletea fedha zote zimefungwa kwenye pindo la kanga. Alikuja asubuhi, akasalimu, akafanya kazi, akaondoka. Kitabu cha taipu sikukiona tena mezani. Ule ukimya ndio ulioanza kunila, kuliko kelele za vidole.

Asubuhi moja nilikaa mlangoni pa banda, nanyonyesha, yeye anakamua. Nikaona nisiposema nitaugua upya.

"Wifi," nikasema, "ile barua..."

"Najua."

Hakuacha kukamua. Maziwa yaliendelea kulia kwenye ndoo.

"Unajua nini?"

"Siku tuliyorudi kutoka mjini mwalimu mkuu alinisimamisha njiani. Akaniuliza kwa nini nimechelewa, na barua amekupa tangu Jumapili ya wiki iliyopita."

Mtoto alikuwa ameacha titi, ananitazama. Nikauliza, "Kwa nini hukumwambia kaka yako?"

Akainuka na ndoo. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, au kwa matusi, au kwa maneno ya kanisani. Yeye alisema taratibu kama mtu anayetaja bei ya ndizi sokoni.

"Ningemwambia, angekurudisha kwenu siku ileile. Sasa nikiwa chuoni nani angemkatia ng'ombe majani? Mama magoti yake hayafiki huko chini." Akafunika ndoo kwa jani la mgomba. "Sikukusamehe, wifi. Nilihitaji maziwa."

Akapita mbele yangu akaenda kuyauza.

Tangu siku ile tulielewana kuliko zamani, sijui nieleze vipi. Hapakuwa na kujifanya. Januari alikwenda chuoni. Kahawa ikalipa, shemeji akalipa, beberu akauzwa, kisha zamu yangu ikafika, na nililipa mihula yote iliyobaki bila kukosa hata mmoja. Si kwa wema. Nililipa kwa sababu anajua, na kwa sababu sikutaka awe na la pili la kunidai.

Muhula mmoja nilipeleka ada mwenyewe, kwa kuwa mume wangu alikuwa na homa. Nilifika chuoni na vumbi miguuni. Dirisha la darasa lilikuwa wazi: wasichana wamejipanga safu, mashine zinalia kama mvua ya mawe juu ya bati. Wifi alikuwa safu ya pili, blauzi nyeupe, shingo imenyooka, hatazami vidole wala nini. Nilisimama pale muda mrefu. Mwangalizi wa mabweni akanijia, akamwita wifi nje, akamuuliza mbele yangu, "Huyu ndiye msichana wenu wa kazi?"

"Hapana," wifi alijibu. "Huyu ndiye anayenilipia ada."

Yule mama aliomba radhi, akaleta kiti. Hadi leo sijui kama wifi aliniheshimu siku ile au alitaja tu ukweli ulivyo. Hakusema "wifi yangu". Nilikaa kwenye kiti nikanywa maji niliyoletewa, na wivu ulikuwa palepale, haujapungua hata kidogo, ila sasa ulikuwa na kitu kingine pembeni yake kilichofanana na fahari.

Alimaliza, akapata kazi katika ofisi moja mjini, akaolewa na mtu wa Machame. Kila Krismasi alikuja na mkate na sukari, tukakumbatiana vizuri mbele ya watu. Mume wangu hajawahi kuambiwa.

Miaka ikaenda. Ikaja ile ya dukani hakuna kitu, sabuni kwa foleni, sukari kwa kujuana, na katikati ya hali hiyo binti yangu mkubwa akachaguliwa chuo cha ualimu cha serikali. Ada hakuna, kinachotakiwa ni shuka, ndoo na nauli. Hakukuwa na kikao cha ukoo. Hakuna aliyemtoa beberu.

Siku moja kabla ya safari nilikuwa nampigia pasi ya mkaa gauni lake. Yeye alikuwa chumbani anapanga vitu kwenye sanduku na kuimba, sauti nzuri, haogopi chochote. Ndipo kile kitu cha zamani kikanishika kifuani. Nilikitambua mara moja, kama mtu anavyotambua homa yake mwenyewe. Nilidhani kilikuwa ni cha mawifi na kaka. Sikujua mtu anaweza kumwonea wivu mtoto aliyemtoa tumboni.

"Mama, unaniunguzia gauni!" aliniita.

Niliinua pasi. Palikuwa na alama ndogo ya kahawia mgongoni, chini ya kola. Nikalia, naye akanicheka, akanishika mabega, akasema, "Mama, ni gauni tu, nitavaa sweta juu."

Alidhani nalilia gauni. Nikamwacha adhani hivyo. Alfajiri nilimbebea sanduku kichwani hadi barabarani, na basi lilipokuja nilimwambia asome, nikamwambia mara mbili, kwa sauti kali kuliko nilivyokusudia.