Bomba au Bonde

Enzi zetu gazeti halikuwa kitu cha kusoma na kutupa. Lilifika Newala limechoka kuliko abiria waliokuja nalo, kona zimekunjamana, picha zimeshika vumbi jekundu. Wakubwa walilisoma kwanza, wakipokezana hotelini kwa Baba Asha mpaka likalainika kama kitambaa. Kisha likafungiwa karanga. Safari yake baada ya hapo siitaji, maana huenda msomaji wangu uko mezani.

Sisi watoto tulilingojea hapo kwenye karanga. Habari zenyewe hatukuwa na haja nazo. Tulitaka ukurasa wa nyuma, penye fumbo la maneno. Mwuza karanga alituchoka. Watoto wengine walichagua kifungashio kilichojaa, sisi tulichagua karatasi. "Nipe hiyo yenye viboksi, mama." Ukipewa unafungua polepole, unakung'uta chumvi, halafu unagundua maswali ya kulala unayo wewe na maswali ya kusimama anayo rafiki yangu Dastani, kwa sababu ukurasa ulichanwa katikati. Basi mnakaa chini ya ukuta wa hoteli, mnaunganisha magoti, mnaunganisha na karatasi.

Siku hizi ukimwambia mtoto achemshe bongo anatoa simu. Inachemka simu, bongo inabaki ya baridi kama uji wa jana.

Mimi ninayeandika haya nina maduka Newala na Masasi. Msimu wa korosho malori yangu yanapanda Tandahimba na kushuka, na ukifika stendi ya Masasi ukauliza nyumba ya Shaibu yenye vigae vya kijani, hata mgeni atakuonyesha. Elimu yangu ni darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nilimaliza kwa kusukumwa. Sisemi haya ili nijisifu. Nasema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu shule yangu ya pili, ile iliyonifaa, ilikuwa fumbo la gazeti.

Ulikuwa wakati wa ruksa, biashara ya watu binafsi ilipofunguliwa. Vitu vilirudi madukani kana kwamba vilikuwa vimejificha uvunguni: sabuni ya kunukia, betri, khanga ambazo mama zetu walizishika wakazirudisha. Mitumba ilimwagwa chini siku ya gulio, ukiona mzee wa Kimakonde amevaa koti la baridi kali juani ujue amechagua mwenyewe na hataki ushauri. Magazeti ya watu binafsi nayo yakachipua, kila moja likatafuta wateja kwa zawadi. Moja kati ya hayo lilikuwa na fumbo lenye siri. Vyumba vingine viliwekwa nyota. Ukimaliza kujaza, unachukua herufi zilizokaa kwenye nyota, unazipanga kwa namba, unapata neno moja: jibu la siri. Unakata kuponi, unabandika kwenye kadi ya posta, unatuma Dar es Salaam. Kuponi iwe ya gazeti lenyewe, ya kunakili haikubaliwi.

Wiki ninayoikumbuka, zawadi ilikuwa mpira wa ngozi pamoja na pampu yake.

Ili uelewe mpira ule ulikuwa nini kwetu lazima nikueleze habari za Beda. Baba yake Beda alikuwa kati ya watu wa mwanzo kununua korosho kwa ruksa mpya, na nyumbani kwao kulikuwa na mpira wa dukani. Sisi wengine tulisuka wa makaratasi na kamba za katani, ukinyeshewa na mvua unakuwa mzito kama jiwe la kusagia. Kwa hiyo tulicheza na Beda, kwa masharti ya Beda. Alipanga timu zote mbili. Alipiga penalti zote, hata za upande wa pili. Akifungwa, anauokota mpira, anaweka kwapani, anasema, "Mama ananiita." Mama yake hakuwa ameita. Tulibaki uwanjani tumesimama, jua bado liko juu ya mikorosho, mabibo yameiva yananukia, hatuna la kufanya. Tulishatoka jandoni, tulijiona wanaume kamili, na kila jioni mtu mmoja mwenye makamasi alitufungia uwanja.

Hivyo mpira ule wa gazeti haukuwa mpira tu. Ulikuwa kumalizana na Beda.

Shida yetu ya siku zote ilikuwa muda. Fumbo lilitufikia tarehe ya mwisho imeshapita, tukajaza kwa ajili ya utamu tu. Lakini safari hii Mwalimu Temu, mtu wa Kilimanjaro aliyepanga chumba nyumbani kwa akina Dastani, alitoka Mtwara kwa shughuli za shule na gazeti la jana yake mkononi. Jipya kabisa, linanuka wino. Tukahesabu vidole: kadi ikiondoka na basi la kesho asubuhi, itawahi.

Tukamfuata mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mmenifuata mimi au mmelifuata gazeti?"

"Gazeti, Mwalimu," akasema Dastani, ambaye mpaka leo hajui kudanganya.

Mwalimu alicheka, akatupa ukurasa wa nyuma mzimamzima. Tukakaa pale pale barazani kwake. Kalamu nilishika mimi, kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri na kwa sababu sikuwa mtu wa kuacha kalamu ishikwe na mwingine. Maswali yakaenda. Mnyama mwenye shingo ndefu. Mji mkuu wa nchi fulani, huo alitusaidia Mwalimu. Kinyume cha utajiri. Nyota zikajaa moja baada ya nyingine: P, E, M, B. Imebaki herufi moja tu ya siri, na hiyo imekaa mwisho wa neno la herufi tano linaloanza na BO. Swali lake lilikuwa jepesi kuliko yote. "Mama huteka maji hapa."

"Bomba," akasema Mwalimu Temu, macho yakiwa kwenye madaftari ya kusahihisha.

"Bomba lipi, Mwalimu?"

"Bomba, Shaibu. La maji."

Sasa ngoja. Mtaani kwetu gati la maji lilikuwepo, la saruji, lina mabomba yake. Tangu nipate akili sijawahi kuona tone. Koki zilishika kutu, mbuzi walijikunia pale, na wazee walikaa juu yake kuongea. Huku juu kwetu udongo ni mchanga, mvua ikinyesha inazama. Mwenye nyumba ya bati alijenga shimo la kuvunia maji ya mvua, likikauka naye ni mwenzetu. Mama zetu walikwenda bondeni. Walitoka kabla hakujapambazuka, wakashuka kule chini ya genge la Shimo la Mungu, ambako ukisimama ukingoni unaona mpaka karibu na Ruvuma, wakachota, wakapanda mlima na ndoo kichwani, shingo zimekakamaa. Mama yangu akirudi hakuzungumza na mtu mpaka apumzike. Ulikuwa unajua: ndoo inatua kwanza, salamu baadaye.

"Mwalimu," nikasema, "ni bonde."

Dastani akahesabu kwa vidole. B, O, N, D, E. Tano. Likaingia sawasawa.

Mwalimu akaweka kalamu yake nyekundu chini. "Wewe, aliyetunga fumbo anakaa Dar es Salaam. Kwao maji yanatoka bombani."

"Lakini hakuuliza mama yake, Mwalimu. Ameuliza mama."

"Haya, na siri itakuwa nini? Weka A, unapata Pemba. Kisiwa hicho."

"Nikiweka E napata pembe. Na pembe ipo."

Hapo tukakwama, kwa sababu yote mawili ni maneno ya watu. Mwalimu alirudi kwenye madaftari. Dastani akanivuta pembeni.

"Shaibu, sisi tunatafuta mpira. Andika wanachotaka wao."

"Na kama wanataka bonde?"

"Watu wa Dar wanalijua bonde wapi? Acha ubishi wako. Beda atatutesa mpaka tuote ndevu."

Nikamwambia nitaandika nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja, nikamkuta mama ndiyo kwanza anarudi safari ya pili ya siku hiyo, kwa sababu tulikuwa na wageni. Akapiga goti mlangoni, mimi na dada tukamshusha ndoo. Majani ya mkorosho aliyoyaweka juu ya maji yasimwagike yalikuwa bado yanazunguka. Sikungoja apumzike.

"Mama, maji unateka wapi?"

Akanitazama kama mtu anayetafuta fimbo kwa macho. "Umekula mabibo yaliyochacha?"

"Nauliza tu, mama."

"Yaulize haya magoti yangu. Yenyewe yanalijua bonde kuliko mimi."

Nikatoa kalamu, nikaandika BONDE kwa wino. Chini nikaandika PEMBE. Nikabandika kuponi kwa ulimbo wa mkorosho, ambao ukishika haubanduki mpaka kiama, na asubuhi kadi ikapanda basi. Dastani alipouliza nimeandika nini, nikamwambia nimeandika jibu.

Siku za kusubiri zilikuwa tamu kuliko zote. Tulishaupanga mpira ule. Tulishaamua Beda atacheza nafasi gani: golini, na kwa kuomba. Wiki nyingine hatukwenda hata kula ming'oko, vile viazi vya porini, kwa bibi yake Dastani, tulikaa nje ya hoteli kwa Baba Asha tukiangalia barabara ya Masasi.

Gazeti la majibu lilipofika, Baba Asha alilisoma kwa sauti mbele ya watu, kwa sababu habari ya kadi yetu ilishaenea mtaa mzima. "Mama huteka maji hapa: bomba. Jibu la siri: Pemba." Mshindi alikuwa mtu wa Dar. Nikaulizwa, ikanibidi niseme niliandika bonde.

Beda alikuwepo, mpira kwapani. Alingoja watu wanyamaze. "Si mkauteke huo mpira bondeni," akasema. Hoteli nzima ikacheka, hata wazee waliokuwa wanatuonea huruma walificha nyuso kwenye vikombe vya chai. Jina likanishika siku hiyohiyo. Nikipita naitwa Bonde. Dastani alininunia mpaka msimu wa mbaazi.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa anamenya muhogo. Nikamweleza yote, swali, jibu, mpira, na kicheko. Alisikiliza bila kuacha kisu.

"Huyo aliyetunga hana mama?"

"Anaye. Yuko Dar."

"Basi aje nimpe ndoo." Akamenya muhogo mwingine. Kisha akasema maneno ambayo nimekaa nayo maisha yangu yote. "Sikiliza, Shaibu. Siku bomba litakapotoa maji hapa mlangoni kwangu, siku hiyo nitakubali umekosa. Kabla ya hapo umepata. Na mtu asikwambie vinginevyo."

Nikatoka nje kifua mbele. Mpira sikupata, lakini nilikuwa nimepata.

Na hiyo ndiyo shule niliyoisema. Tangu hapo kila fumbo nililoshika nilijiuliza kwanza aliyetunga anakaa wapi na mama yake anateka maji wapi. Nikaanza kupatia. Nilishinda kofia, nikashinda fulana, na mwaka niliomaliza shule nikashinda redio iliyosikika mpaka kwa akina Beda. Nilipoingia biashara nilikuja na kichwa kilekile. Wenzangu walileta Newala vitu walivyovipenda wao. Mimi nilileta ndoo zenye mfuniko, mapipa, na matoroli ya maji, kwa sababu nilijua swali limetungiwa wapi. Ndipo malori yalipotoka. Wenye digrii zao wananiuliza siri ya mafanikio, nawaambia ni herufi ya mwisho, wanadhani natania.

Dastani yuko Ndanda siku hizi, fundi seremala, mikono yake mizuri. Kila tukikutana anawaambia vijana wake kwamba angecheza timu ya taifa kama si mimi. Beda ni rafiki yangu, ananiuzia mbao. Bado hakubali kufungwa.

Watoto wetu wana kila kitu. Shule tuliyosoma inachezea mipira niliyonunua mimi, ya ngozi, na mara nyingine naikuta imelala uwanjani jioni hakuna anayeigusa, wenyewe wamekaa ukutani wameinamia simu. Mwanangu mdogo nilimpa lile swali la zamani. Hakufikiri hata kidogo. "Bomba," akasema, akaendelea na mchezo wake. Nikamuuliza kama kuna neno jingine linaloingia. Akaniangalia kwa huruma, kama unavyomwangalia mzee anayeanza kusahau. Amepata, na hajui kama kulikuwa na ubishi.

Lakini siwezi kumlaumu, kwa sababu bomba nililileta mwenyewe. Maji yalipoanza kusambazwa mtaani kwetu nilikuwa wa kwanza kuomba, nikavuta mpaka mlangoni kwa mama, nikajenga na kijukwaa cha saruji ili asiiname. Siku fundi alipomaliza nilimwita Dastani kutoka Ndanda, nikampigia Beda. Mama alitoka na fimbo yake. Magoti yale hayapandi tena hata kizingiti bila kushikwa mkono. Dada akaleta ndoo ya zamani, ile ya bati, imetobolewa na kutu ukingoni.

Mama akafungua koki mwenyewe. Ikakohoa, ikatema hewa, halafu maji yakatoka. Aliyatazama mpaka ndoo ikajaa ikamwagika miguuni kwake, kitu ambacho zamani angempigia mtu. Akafunga, akafuta mkono kwenye khanga, akanigeukia mbele ya Dastani, mbele ya Beda, mbele ya fundi asiyejua lolote.

"Haya, Shaibu," akasema. "Leo ndiyo umekosa."